Sauti Iliyobaki Kazini

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha vipindi vya runinga: hiki kikiisha, nakuambia kinachofuata na kukusihi usiende popote. Jumamosi nilisoma salamu za wasikilizaji kwenye redio ya kituo hicho hicho. Kisha wakaniachisha kazi, lakini sauti yangu wakabaki nayo. Walikuwa wamerekodi ya kuwatosha.

Mama sikumwambia. Ningemwambiaje? Mchana kutwa, nyumbani kwetu mtaa wa Mountain View, ananisikia kwenye runinga, na kanisani anaitwa mama wa yule wa TV. Basi kila asubuhi nilivaa blauzi aliyonipigia pasi, nikapaka rangi ya mdomo, nikashuka mjini kukaa maktaba nikisoma magazeti hadi jioni. Mtu mzima, na akili zangu timamu! Nilijionea haya hata mbele ya askari wa mlangoni, aliyeanza kunisalimia kama mwajiriwa mwenzake.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia sebuleni. Mafua yalinilaza, sauti ikakauka kabisa, nikadai nimepewa ruhusa kazini. Siku hiyo akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi, na runinga hakuna aliyeizima. Nilikuwa nawamiminia chai niliposikika nikisema, kwa furaha tele, "Niko nawe hapa studio, usibanduke!"

Mmoja akaniangalia, akaangalia runinga. "Ngai, Mungu wangu! Na si wewe uko hapa?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Hiyo walirekodi," Mama akasema bila kuinua macho. "Shikeni chai, inapoa."

Walipoondoka nilimfuata jikoni. "Mama, kuna kitu nilikuwa nataka kukuambia."

"Ile kazi iliisha."

"Nani alikuambia?"

"Wakati wa mvua ulikohoa karibu mwezi mzima. Huyo wa TV hakukohoa hata siku moja."

Mvua ilikuwa imekatika kitambo. Nikahesabu asubuhi zote hizo kichwani, nikashindwa kumtazama.

"Sasa mbona uliendelea kunipigia blauzi pasi?"

Alisuuza kikombe, akakifunika kwenye sinia.

"Si ulikuwa unatoka? Ningekuacha utoke na makunyanzi?"

Aibu ya kufutwa kazi nilikuwa nimeanza kuizoea. Hii ya blauzi ilinikalisha chini, pale pale jikoni, nikalia.