Akilala Mzima, Akisimama Mgonjwa

Mvuke unafuka kwenye pasi. Mwanamke aliyeketi juu ya kreti la soda ananyoosha kola ya shati jeupe kwenye kibao kidogo, huku wenzake wote wamesimama. Anapotaka kuinuka, anashika kwanza ukingo wa meza, anatulia kidogo, kisha anajaribu.

“Nauomba mwili ruhusa,” anasema. “Siku hizi hatuaminiani.”

Katika chumba hiki cha kufulia nguo za hoteli wanamwita Kasi. Shuka halijapoa, yeye keshalikunja. Ndivyo alivyokuwa kabla ya homa iliyomlaza mwaka juzi. Homa iliondoka, ila ilimwachia kitu kisicho na jina.

Akisimama tu, moyo ulimwenda mbio kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Macho yakaingia ukungu, magoti yakalegea. Akilala kidogo, yu mzima. Asubuhi moja alianguka mbele ya meza, pasi ikabaki juu ya koti la mgeni, koti likaungua. Msimamizi hakugomba. Alimwambia kwa upole aende akapumzike, na upole ule ndio uliomtia hofu ya kupoteza kazi.

Kila mtu alikuja na jibu lake. Mama mkwe alihesabu miezi kimoyomoyo akaanza kutabasamu. Wifi alisema damu imepungua. Jirani mmoja alisema ni uvivu, tena hakunong’ona. Hospitali walipima damu, mkojo, tezi ya shingo na umeme wa moyo, vyote safi. Daktari akasema ni wasiwasi, akampa vidonge vya kumtuliza.

“Nikaanza kujishuku mwenyewe,” anasema Kasi. “Lakini mtu anajidanganyaje mpaka miguu inageuka rangi ya zambarau?”

Jibu lilitokea siku ambayo hakwenda kutibiwa. Alikuwa amempeleka mama mkwe kupimwa presha kwenye zahanati ndogo. Foleni ilikuwa ndefu, akateleza ukutani taratibu mpaka sakafuni. Tabibu aliyekuwa akipita akamuuliza kama akikaa vile anapata nafuu. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Tabibu alimlaza, akamwacha atulie, akampima. Mapigo yalikuwa sabini na mawili kwa dakika. Kisha akamsimamisha bila kuegemea, akawa anampima tena na tena kwa dakika kumi. Mapigo yakapita mia na ishirini. Presha haikushuka.

“Huko nyuma walikupima umelala au umekaa,” tabibu alimwambia. “Walikupima ukiwa mzima.”

Alimwandikia aende kwa mtaalamu wa moyo, ambaye alirudia kipimo, akaondoa uwezekano wa maradhi mengine, kisha akataja jina refu la Kiingereza. Kwa kifupi huitwa POTS. Mtu akisimama, alieleza, damu hushuka miguuni, na mishipa hubana kuirudisha juu. Kwa Kasi haibani inavyopaswa, basi moyo unakimbia kufidia.

Mumewe, ambaye ni seremala, aliuliza kama moyo ni mbovu. Akaambiwa hapana. Akauliza kama mkewe atapona. Akaambiwa wengine hupata nafuu kubwa, wengine huishi na ugonjwa huo. Walitoka na jina mkononi, lakini hakuna kati yao aliyeweza kumweleza mwenzake walichoambiwa.

Nyumbani mambo yakazidi kuchanganya. Mama mkwe amekatazwa chumvi, Kasi ameamriwa na daktari aiongeze, pamoja na maji mengi na soksi za kubana. Siku hizi chakula kinapikwa bila chumvi, kikopo kinakaa upande wa Kasi, na mama mkwe anakitazama kwa wivu.

Yako majuma anayomaliza zamu bila shida. Yako mengine ambayo kuchana nywele tu kunamshinda, na hajui kwa nini. Amekwisha acha kuwaeleza majirani.

Msimamizi amekubali aletewe meza fupi ya kupigia pasi, na mumewe ndiye anayeitengeneza. Lakini anachotamani Kasi ni kurudishiwa kupiga pasi magauni ya maharusi, kazi aliyonyang’anywa baada ya lile koti.

“Gauni la harusi unalizunguka kwa miguu,” anasema. “Ukikaa, labda lizunguke lenyewe.”

Alimwambia mumewe hivyo hivyo kwa mzaha usiku mmoja, wakila. Kesho yake mumewe, akichora duara juu ya ubao, alimuuliza gauni la harusi lina upana gani chini kwenye upindo.