Sauti Isiyolipwa ya Mama Albertine

Nitasema wazi, na anayenuna anune: mwaka huu, kwenye sikukuu ya parokia yetu hapa Makomeno, mwalimu wa kwaya, Hénoc, alitukosea heshima. Alikodi waimbaji wanne wa kulipwa, akawapanga mbele. Sisi tunaoimba bure akatusukuma nyuma. Halafu akamfuata Mama Albertine Lombe.

"Mama, pardon. Siku ile utafungula tu kinywa. Sauti, non."

Mama Albertine ana miaka sitini na mbili. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli. Yeye anauza unga wa muhogo sokoni, na ameimba katika kwaya hii miaka arobaini na mitano. Sauti imekwaruza, sikatai. Lakini akifa mtu, nani hufika matangani kuimba kabla hata viti havijaletwa? Kumnyamazisha mtu kama huyo ni kumzika angali anapumua. Nilikasirika. Yeye akajibu tu, "Oui, maestro."

Siku ikafika. Wageni wale wa kulipwa waliimba vizuri; mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Syntiche, soprano wao, alipanda juu mpaka watoto wakanyamaza.

Ikaja zamu ya matoleo. Kwetu wimbo wa matoleo hauishii kwenye karatasi. Mwimbishaji huita kila jumuiya ya waumini kwa jina, nayo husonga altareni ikicheza na vikapu vyake, hadi mtu wa mwisho atue mzigo. Wageni waliimba beti tatu zilizoandikwa, wakanyamaza. Jumuiya tisa zilikuwa bado katikati ya kanisa. Bibi mmoja, Marie-Thérèse, alibaki na beseni la mahindi kichwani, mguu mmoja mbele, hajui acheze au atembee.

Hénoc akageuka, jasho likimtoka, akampungia Mama Albertine mikono yote miwili: imba!

Mama Albertine akafungua kinywa. Akakitanua, akakifunga, akakitanua tena. Sauti, hakuna. Nilicheka waziwazi, Mungu anisamehe.

Kisha akamwona Marie-Thérèse anavyoteseka na beseni lake. Akapenya katikati yetu, akaenda kusimama mstari wa mbele kando ya Syntiche, akaita jumuiya ya kwanza kwa sauti ile ile iliyokwaruza. Kanisa zima likaitikia. Alizitaja zote tisa, bila karatasi, hadi mzigo wa mwisho ukatuliwa.

Hénoc akamsogelea, akiwaonyesha wageni kwa kidole. "Aksanti sana, mama. Sasa rudia nyuma, bale bataendelea."

Hakusogea hata unyayo. "Bale, siku utabachoka, utabafukuza, sababu unabalipa. Mi, hapana muntu mwenye kunilipaka. Utanifukuza na nini?"

Hénoc akarudi mahali pake. Ilipofika zamu ya "Mtakatifu", Mama Albertine aliuanzisha mwenyewe, kutoka mstari wa mbele, bila kungoja mkono wa mtu.