Benchi la Nyuma

Juzi nilimpeleka mtoto wa dada yangu kuanza mwaka wa kwanza, hapa Butembo, katika shule niliyosoma mimi. Mwalimu wao, msichana mdogo, alipita nyuma ya kila mtoto akiliita jina lake polepole. Asiyegeuka aliwekwa mbele, karibu na ubao. Ilichukua muda mfupi sana, rafiki, nikatoka nje ili watoto wasinione uso.

Wakati wetu tulikaa kwa kufuata pointi. Wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma, karibu na mlango unaoingiza ukungu na moshi wa mikalitusi. Masikio yangu yalipata sauti kidogo tu. Mengine niliyasoma midomoni. Mwalimu akigeukia ubao, somo lilikatika. Kwa hiyo nilipata sifuri ya imla, nikarudishwa nyuma, na huko nyuma nikasikia kidogo zaidi. Mchana jikoni nyumbani walitwanga sombe, majani ya muhogo, nami mchi niliusikia kwa nyayo.

Bibi aliyenilea ndiye aliyetambua. Akaja shuleni na matope ya shamba miguuni. Nilisimama katikati yao, nikiangalia kinywa hiki, kisha kile.

“Mwalimu, umuweke mbele. Ku nyumba nikimuita nyuma yake, hapana anageuka.”

“Mama, huyu kichwa yake iko nguvu, hapana anashika masomo. Anaangalia tu kinywa yangu kama mutu mwenye kungoja bugali.”

Darasa zima likacheka. Niliona meno.

“Umuweke tu mbele, utaona.”

“Mbele ni ya benye pointi, mama. Apate pointi kwanza.”

“Na atazipata namna gani, kama pale nyuma hapana anasikia?”

“Mais mama, ndiyo règlement, sheria ya masomo.”

Nilibaki nyuma. Nilikuwa nimesharudia mwaka ule, na nilipoanguka tena mkurugenzi wa shule alisema nafasi yangu imekwisha. Wenzangu walipanda darasa. Mimi nikapanda mlima na bibi, kupalilia maharagwe. Kusoma nilijifunza baadaye, peke yangu, kwa vitabu vya jirani. Hata leo nikiandika ujumbe mfupi naurudia na kuurudia kabla ya kuutuma, kana kwamba kuna mtu atanirudisha nyuma.

Benchi lile halipo tena, na bibi amefariki. Watu wa nyumbani ni wema, lakini wanazungumza wakiangalia simu, au wakiinama juu ya sufuria. Nikiomba warudie, wananijibu, “Acha tu, haikuwa kitu.” Kule shambani bibi alikuwa analaza jembe chini, anapangusa jasho mdomoni, ananielekezea uso wake wote, ndipo anasema. Hata kama ni kuniambia tu kwamba mvua inakuja, na mimi nimeshaiona.