Ukurasa Mweupe wa Kathonzweni

Asubuhi moja ya ujana wangu haijanitoka moyoni, mwanangu, na nikiona mnavyokimbilia kila chombo kipya cha kutengenezea tovuti, huwa inanirudia. Usinicheke nikijiita mzee. Katika kazi yetu hii, mwenye mvi mbili tatu ni nyanya kabisa.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Kathonzweni kutoka Nairobi, nina cheti na kiburi chake. Kisima chetu kilikuwa na tovuti aliyoiandika Mwalimu Syombua, mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya maji. Haikuwa na picha wala rangi. Kila asubuhi aliandika mstari mmoja: "Leo maji yapo," au "Leo pampu imeharibika, msije." Watu walisoma kabla ya kufunga safari na punda.

Mimi niliionea aibu. Wakati huo kulikuwa na fremuweki mpya, yaani kiunzi tayari cha kujengea tovuti, na vijana wote wa kazi hii walikuwa wakiiimba. Walisema ukiitumia, tovuti yako itafunguka haraka kwa simu yoyote, popote. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Niliifuta kazi ya Mwalimu, nikajenga yangu, yenye matone ya maji yanayocheza. Kamati ilinipigia makofi.

Mwalimu peke yake aliuliza, "Umeijaribu kwa simu ya Mwaitu Kalunde?"

Huyo alikuwa mama mzee, ndiyo maana sote tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba; aliishi mbali na kisima, na simu yake ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka.

"Mwalimu, hiyo simu imepitwa na wakati," nikamjibu. "Atazoea tu."

Kiangazi kikakaza, na asubuhi hiyo ninayokuambia pampu ikaharibika. Nikaandika tangazo, nikalisoma kwa simu yangu mpya, nikaridhika. Kumbe kile kiunzi kilikuwa kizito ajabu. Kilitaka kushusha mzigo wake wote kwanza ndipo kionyeshe hata neno moja, na kule mashinani mtandao ni wa kubahatisha. Mwaitu Kalunde alifungua, akaona ukurasa mweupe. Akasubiri. Mwishowe akawapakia punda mitungi, akatembea mwendo wa saa tatu, akakuta lango limefungwa. Akirudi, jua lilimwangusha njiani. Mtu wa bodaboda ndiye aliyemfikisha zahanati.

Nilimkuta kitandani, midomo imekauka. Nilitarajia anitukane.

"Nilidhani ni mimi sijui kuifungua," akasema. "Kwani ilikuwa imeandikwa nini, mwiitu wakwa, binti yangu?"

Nilimwambia, mwanangu, kisha nikatoka.

Nje ya zahanati, Mwalimu, aliyekuwa amekuja naye kumjulia hali, hakupandisha sauti. "Uliwajengea wanaokupigia makofi," akaniambia. "Anayetafuta maji hukumjengea." Kisha akanishika mkono, maana nilikuwa nalia.

Nilihangaika siku nyingi kuirekebisha. Kabla sijamaliza, waliotengeneza kile kiunzi wakatangaza toleo jipya, tofauti kabisa, lisilopokea kazi ya zamani. Waimbaji wake nao walikuwa wameshahamia wimbo mwingine. Nilimwandikia mmoja wao kuomba msaada, akanijibu kwa upole kwamba hata yeye kilikuwa kimemshinda. Sikuwachukia. Walikuwa vijana kama mimi, wakifanya kazi penye mtandao wenye nguvu, na waliamini walichosema. Nani kati yetu hajawahi kusifia mvua kwa kuona wingu?

Basi nikaurudisha mstari mmoja wa Mwalimu. Nikaenda hadi kwa Mwaitu Kalunde, nikaketi kando yake akifungua kwa simu yake mwenyewe. Ukafunguka papo hapo. Akausoma kwa sauti, "Leo maji yapo," akainuka kutafuta kamba za punda.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikukatazi kipya, mwanangu, kijaribu. Lakini kijaribu kwanza kwa simu dhaifu kuliko zote, mahali mtandao unapokatika, mbele ya yule atakayeumia kikishindwa. Anayekisifu muulize amekaa nacho muda gani. Na ukikosea, maana utakosea, mwendee uliyemuumiza kabla hujaigusa kompyuta.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe kazi ya kuwafaa watu usiowajua hata kwa sura, na akujalie mtu wa kukuambia ukweli huku amekushika mkono.