Vyumba Kumi na Sita Alivyoviacha Wazi Mpiga Piano wa Hoteli

Saa tano asubuhi, Vidole anafuta. Amefuta mahali pale pale mara nyingi hadi karatasi imeanza kuota manyoya. Ameketi kwenye kiti cha plastiki katika ujia ulio nyuma ya ukumbi wa muziki, na meza yake ni sanduku la ngoma lililogeuzwa. Mbele yake mpiga klarineti wa orkestra, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anasubiri.

"Jaribu hii."

Mwanamke anasoma, anavuta pumzi, anapiga. Noti saba, safi kama maji yaliyochujwa. Vidole anachukua kifutio.

"Nimekosea, mzee?"

"Hapana. Umepiga sawasawa kabisa."

"Sasa mbona unafuta?"

"Kwa sababu umepiga sawasawa kabisa."

Kesho jioni, katika ukumbi huu, orkestra yenye wanamuziki sitini na watatu itapiga vipande vitatu vya jazi alivyovitunga mtu huyu wa miaka hamsini na tisa. Kipande cha tatu kina tundu katikati, naye ana leo tu ya kuliziba.

Riziki ya Vidole ni piano ya mkahawa wa hoteli, jioni sita kwa wiki, watu wakila. Jina hilo alipewa na wapishi, na siku hizi hata mkewe humwita hivyo akiwa amemkasirikia.

"Wateja wananisikia kama wanavyosikia feni," anasema. "Ikizimika ndio wanageuka."

Mshahara wake haujapanda kwa miaka saba. Unalipa kodi ya vyumba viwili na umeme, kisha unakata roho. Chakula kinatoka kwenye cherehani ya mkewe.

Hakuna aliyemfundisha kuandika noti. Alijifunza kwenye kitabu kilichopoteza jalada, mchana, cherehani ikilia kando yake. Vipande vyake vitatu vilimchukua miaka minne, na vyote vinatoka hotelini: "Jikoni", "Lifti" na "Kubadilisha Zamu". Alipovimaliza aliviweka juu ya kabati.

"Nilichoka kuvifuta vumbi," anasema mkewe. "Siku nilipokwenda kumpelekea mteja gauni, nikavitia kwenye mfuko huo huo, nikapitia ukumbini. Nikamwambia yule wa mapokezi, karatasi hizi zikirudi, zirudi na sababu."

Hazikurudi. Juzi Vidole aliitwa aje kusikiliza mazoezi.

Alikaa safu ya mwisho. Maisha yake yote muziki wake ulikuwa umepigwa na watu wanne wa bendi ya hoteli, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe. Fidla zilipoanza "Jikoni", alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Nilidhani nimekosea ukumbi," anasema. "Kitu kilikuwa kikubwa mno. Nikawa nasema moyoni, haiwezekani hiki kilikaa juu ya kabati letu."

Ikaja "Kubadilisha Zamu". Orkestra ilipanda, ikapanda, halafu ikakatika.

Kimya.

Vidole anasema wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mtu ameanguka jukwaani. Akasimama. Hakuna aliyeanguka. Mkono wa mwongozaji ulikuwa bado unahesabu hewani, na wanamuziki sitini na watatu walikuwa wamekaa wima, macho kwenye karatasi, wakihesabu pamoja naye. Kisha wote wakaingia kwa mkupuo, kana kwamba hapakutokea kitu.

"Nikakaa kwenye ngazi."

Kilichotokea kilikuwa hiki. Ukurasa wa muziki hugawanywa kwa mistari ya wima, na nafasi kati ya mstari na mstari Vidole na wenzake huiita chumba. Katika bendi ya hoteli, chumba kisicho na kitu ni zawadi. Maana yake ni: hapa ni pako, sema lako. Mpiga saksafoni wao, anayeitwa Pumzi, hajawahi kuandikiwa solo hata moja.

"Kumwandikia yule bwana solo ni kama kumtafunia chakula," anasema Vidole.

Kwa hiyo katika "Kubadilisha Zamu" aliwanyamazisha wengine wote kusudi, akaiachia klarineti vyumba kumi na sita vitupu, mpigaji wake ajitungie papo hapo, peke yake. Hakuandika neno lolote la kueleza. Kwake hapakuwa na la kueleza. Lakini katika orkestra, chumba kitupu ni amri ya kunyamaza, nao walitii.

Alishuka kwenda jukwaani akiwa amejiandaa kuomba radhi. Mwongozaji, mtu mpole mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alimwahi kwa kumshika mkono.

"Mzee, kile kimya," alimwambia. "Tulikuwa na kazi arobaini mezani. Kile kimya ndicho kilichotufanya tukuchague."

"Kimya gani?"

Mwongozaji alicheka, akidhani ni utani. Alipoelewa, alivua miwani, akakaa ukingoni mwa jukwaa.

"Tukatazamana," anasema Vidole, "kama watu waliokula pilau meza moja, ndipo wanagundua kila mmoja amekuja harusi tofauti."

Mwongozaji hakumlaumu. Anapoulizwa leo, anaeleza taratibu. "Kwangu mimi karatasi ndiyo mdomo wa mtunzi. Huyu mzee angekuwa amefariki, nani angetuambia? Tungepiga kimya kile hadi wajukuu zetu." Amempa hadi mazoezi ya mwisho, kesho saa nne asubuhi. Akileta kitu na orkestra ikakisikia, kitapigwa. Asipoleta, kimya kinabaki. "Siwezi kupandisha mbele ya watu kitu ambacho sijakisikia hata mara moja."

Nyumbani ushauri ulikuwa mfupi.

"Acha kimya chao," alisema mkewe. "Wamekipenda. Nani anakudai?"

"Watanisifu kwa nisichokifanya."

"Si ulikiacha mwenyewe? Basi umekifanya. Mtu anatunga miaka minne halafu anasahau kutunga, asifiwe tu."

Pumzi alipopigiwa simu alikuwa mbaya zaidi. "Miaka yote nakuambia nyamaza," alisema. "Kumbe ungenyamaza mapema ungekuwa tajiri." Yeye mwenyewe hawezi kuja. Kesho jioni ni lazima mmoja wao awepo hotelini, la sivyo bendi nzima inapoteza zamu.

Ndiyo maana tangu asubuhi Vidole anaandika na kufuta. Kila anachokiandika kinapigwa vizuri, na kila kinapopigwa vizuri anakisikia ni cha kwake, hali mahali pale alipaacha pawe pa mtu mwingine.

Saa sita inakaribia. Anaweka penseli chini.

"Mwanangu, tuache karatasi. Piga tu."

"Nipige nini?"

"Chochote."

Mwanamke anaiweka klarineti mapajani. Anapiga tangu ana miaka saba, anasema, na hajawahi kutoa sauti ambayo haikuandikwa na mtu. Hata akiwa peke yake nyumbani.

"Na nikikosea, mzee, nitajuaje kwamba nimekosea?"

Vidole anasugua goti.

"Kuna mama pale hotelini anaosha vyombo," anasema. "Zamu ikiisha anakaa kwenye kreti, anavua viatu. Hasemi kitu. Mpige yule."

"Nimpige anavyovua viatu?"

"Viatu achana navyo. Piga miguu."

Mwanamke anacheka. Kisha hacheki. Anaipandisha klarineti, anatoa noti moja, anaishikilia hadi inakaribia kukatika. Ya pili inashuka. Ya tatu inateleza, ni kosa la wazi, na Vidole anafumba macho. Lakini mwanamke haachi. Anaikanyaga ile noti iliyoteleza kama ngazi, anapanda juu yake, anageuka, anashuka polepole upande wa pili.

Mwishoni mwa ujia mpiga tromboni aliyekuwa akila mkate ameacha kutafuna.

Mwanamke anaitoa klarineti mdomoni ghafla.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Usiniulize mimi. Sikuwemo."

Mwongozaji amesimama mlangoni, haijulikani tangu lini. "Hivyo ni vyumba vinne," anasema. "Bado kumi na viwili." Anaitazama saa yake, anarudi ndani.

Vidole ana mpango wa kuandika kipande cha nne, na safari hii, anasema, juu ya vyumba vitupu ataandika kwa maneno. Kuhusu kesho hajiamini. Ikishindikana atakaa safu ya mwisho, asikilize kimya chake pamoja na watu wengine.

Anakunja karatasi yenye manyoya. Mwanamke hajaondoka kitini.

"Tuendelee, mzee. Tumalizie vyote."

"Hapana, mwanangu. Ukivimaliza leo, kesho utakuwa unakariri."