Msimu Kocha Vondra Alipopoteza Sauti

Watu wa Dorwick, mji mdogo wa Nebraska, Marekani, waliijua sauti ya Delbert Vondra kabla ya kuujua uso wake. Siku za mazoezi, akiwa kule uwanjani nyuma ya chuo, kwaya ya kanisa la Walutheri ilisubiri amalize sentensi ndipo iendelee na ubeti. Ng'ombe waliokuwa wakila mabua ng'ambo ya barabara walikuwa wameizoea kiasi kwamba Del asipokuja kazini walikosa raha, au ndivyo alivyodai mwenye ng'ombe.

Ukali hakuwa nao. Alikulia kwenye shamba la mahindi, na baba yake alikuwa ameharibiwa masikio na trekta, kwa hiyo nyumbani kwao aliyetaka kupewa chumvi mezani ilimbidi apaze sauti kama anayezuia lori. Hata mkewe Lorene alimposa kwa sauti hiyo hiyo, katika ukumbi wa dansi, na meza zote za jirani zikageuka kungoja jibu. Lorene alisema ndiyo, kwa sehemu ili anyamaze.

Chuoni, katika timu ya mpira wa Kimarekani, kazi ya Del ilikuwa kuwafundisha vijana watano wa mstari wa mbele. Hao ndio majitu ya timu, wale wanaosimama kama ukuta kati ya wapinzani na kijana anayerusha mpira. Ukuta ukisimama imara, sifa anapata mrushaji. Ukianguka, jukwaa zima linajua ni tofali lipi lililochomoka. Wa kati miongoni mwao huinama, huupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake, na hapo kila mtu anamvamia mpinzani wake.

Msimu ule ukuta ulikuwa wa maji. Mechi tatu za mwanzo za Septemba walifungwa zote, na mrushaji wao alizitumia mechi hizo akiwa chali, akitazama mawingu. Tavita Leiato, kijana wa Kisamoa kutoka California, mpana kama mlango wa ghala, alikuwa akienda kushoto wakati jirani yake anakwenda kulia, na adui anapita katikati yao kama mgeni aliyeachiwa geti wazi. Wa kati, Emmett Sloup, alikuwa mtoto wa wafugaji wa huko kwenye vilima vya mchanga, na tangu aingie chuoni hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema zaidi ya "sawa, Kocha."

Del akaongeza sauti. Wakifungwa, anaongeza. Jumatatu baada ya mechi ya tatu alifungua kinywa kumwita Tavita, ukatoka mlio kama wa bawaba kavu, halafu hakikutoka kitu.

Daktari alimulika kooni, akachungulia, akaguna.

"Nyuzi zako za sauti zimevimba, Bwana Vondra. Huruhusiwi kusema mpaka nikwambie mimi."

Del alinong'ona, "Hata kidogo?"

"Na kunong'ona ndiko kubaya zaidi."

Lorene, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake magotini, alitazama dirishani ili mumewe asimwone uso.

Kocha mkuu, mtu mmoja mrefu mwenye haraka aitwaye Ruddick, alitaka kuwakabidhi vijana wale kwa mtu mwingine. Del alitikisa kichwa kwa nguvu hadi kofia ikaanguka. Akaandika kwenye kibao cheupe: NITATUMIA MIKONO.

"Nani atakuelewa?" Ruddick aliuliza.

Del alifikiri, kisha akamnyooshea kidole mkewe.

Lorene alikuwa amestaafu baada ya kufundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi. Mpira alikuwa ameutazama maisha yake yote ya ndoa bila kuujua, jinsi mtu anavyotazama mvua. Lakini mikono ya Del aliijua. Kesho yake alifika uwanjani na kiti cha kukunja, thamosi ya kahawa, na filimbi aliyokuwa akiwaitia watoto wakati wa mapumziko.

Mazoezi yalianza vibaya. Tavita alikosea mguu, na Del akamjia kwa hasira. Alipiga kifua, akakanyaga chini, akapiga mbawa kama kuku anayefukuzwa jikoni, kisha akapitisha kidole shingoni.

Vijana wakamgeukia Lorene.

"Kocha anasema, Tavita mwanangu, anaomba uanze na mguu wa kulia."

Tavita alimtazama Del, akamtazama Lorene. "Amesema hivyo tu, Mama?"

"Kwa ufupi."

"Na yale mabawa?"

"Yapo maneno mengine, ila hayahusu mguu."

Del alinyanyua mikono juu kuliomba anga limsaidie. "Hiyo pia usitafsiri," Tavita alisema, na vijana wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze.

Siku ya pili Lorene aligundua tatizo lake. Alikuwa anatafsiri mambo asiyoyaelewa. Basi akafanya kama alivyofanya darasani miaka yote. Del alipochora mishale yake kwenye kibao, Lorene alivaa miwani, akaitazama michoro, akasema, "Haya. Nani atanieleza hiki kwa maneno yake mwenyewe? Inua mkono kwanza."

Majitu matano yalitazamana. Mkono mmoja ukapanda polepole.

Kijana wa kwanza alieleza. Kabla hajamaliza, wa pili akasema, "Hapana bwana, mimi pale nakuachia wewe."

"Unaniachia mimi? Mimi nakuachia wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

Del alisimama na kalamu mkononi, mdomo wazi. Mchoro ule alikuwa ameueleza mara nyingi kuliko alivyosali, kwa sauti iliyovuka barabara. Wote watano walikuwa wameitikia "ndiyo, Kocha," kila mmoja akaenda na ndiyo yake.

Lorene hakuona ajabu. Darasa la kwanza ndivyo lilivyo. Akamgeukia Emmett, ambaye alikuwa akichuna nyasi kwenye kiatu chake.

"Na wewe, Emmett, ndiye unayeinama pale katikati. Ukiwa umeinama unaona nini?"

Emmett aliona haya hadi masikio yakawa mekundu. "Miguu, Mama."

"Miguu ya nani?"

"Ya wale wengine. Anayetaka kuja mbio huegemea vidole. Asiyekuja huwa ameshusha kisigino." Kisha, kwa kuwa Lorene alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Kama ng'ombe langoni. Unajua yupi atapita kabla hajapita."

Tavita akamsogelea. "Unajua hilo tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana nilivunjwa pua, Emmett. Kwa nini hukusema?"

Emmett alimtazama Del kwa woga, kisha akatazama chini. "Kocha alikuwa anaongea."

Del aliweka kalamu mfukoni, akatembea hadi mwisho wa uwanja, akasimama kule akiwatazama ng'ombe. Hapakuwa na cha kutafsiri.

Jioni ile hakula. Lorene alikuwa amepika mchuzi mzito wa nyama na maharagwe, na pembeni mkate mtamu wa mdalasini, chakula ambacho Del hakuwahi kukikataa hata alipong'olewa meno. Alikaa akizungusha kijiko. Kwake kupaza sauti ndiko kulikokuwa kumjali mtu. Ndivyo alivyopendwa nyumbani kwao, na ndivyo alivyodhani anawapenda vijana wale. Sasa aliona kama amekuwa akiwafunika kwa blanketi miaka yote hii na kujiuliza mbona hawaoni njia.

Lorene alimsogezea mkate. "Hawakuchukii, Del. Tavita aliniuliza kama koo linakuuma."

Akaandika: NA EMMETT?

"Emmett aliniuliza kama unafukuzwa kwa sababu yake. Nikamwambia hufukuzwi. Sasa kula, kabla sijakiita kile kitoto cha jirani kije kimalize sehemu yako."

Akala.

Wiki ile waliamua Emmett ndiye atakayewasemea wenzake kabla ya kila mpira. Uamuzi ulikuwa mzuri, utekelezaji ulikuwa kichekesho. Emmett aliinama, akatazama miguu, akasema jambo kwa sauti ya mtu anayeungama. Aliyekuwa karibu naye alisikia nusu, wa pembeni kabisa hakusikia kitu.

"Umesemaje?" Tavita alifoka kutoka pembeni.

"Nimesema kushoto."

"Sasa wapinzani nao wamesikia."

"Wewe ndiye umeniuliza."

Mechi hiyo pia walifungwa, lakini kwa tofauti ndogo, na mrushaji alirudi nyumbani na jezi isiyo na tope mgongoni. Mama yake alipiga simu kwa Ruddick kuuliza kama kijana alicheza kweli.

Wakaanza kubuni maneno yao ya siri, na kwa kuwa walikuwa na njaa muda wote, maneno yakawa ya chakula. "Runza" ilikuwa kulia, kwa ule mkate wa nyama na kabichi unaouzwa kila kona ya Nebraska. "Taro" ilikuwa kushoto, jina la magimbi, chakula cha kwao Tavita. Lorene akisema "pai" walijua mazoezi yamekwisha, maana alikuwa nayo kwenye gari. Oktoba ilipofika katikati, mahindi yakivunwa na vumbi lake likitanda hadi uwanjani, wakashinda mechi ya kwanza, kisha ya pili. Walifungwa moja vibaya sana, mvuani, wakabishana njia nzima ndani ya basi nani alimwachia nani, na Del aliyekaa kiti cha mbele alisikiliza ubishi ule kama mtu anayesikiliza redio nzuri. Wakashinda mbili nyingine. Jambo geni lilikuwa kwamba hata wakikosea, walikosea pamoja, wote watano upande mmoja, na kosa la namna hiyo hurekebishika mchana mmoja.

Daktari alimruhusu Del kusema wiki ya mechi ya mwisho, dhidi ya majirani zao wa ng'ambo ya mto Platte, ambao Dorwick ilikuwa haijawafunga tangu vijana hawa wakiwa shule ya msingi. Alipofika mazoezini akasafisha koo, Tavita aliziba masikio na kuinama. Kilichotoka ni sauti nyembamba, ya kukwaruza.

"Habari za mchana," Del alisema.

Vijana walingoja. Hakukuwa na zaidi.

"Ndiyo hiyo tu, Mama?" Tavita alimuuliza Lorene.

"Safari hii sikupunguza kitu."

Jumamosi upepo wa Novemba ulikata mashavu. Dakika za mwisho, Dorwick walikuwa nyuma kwa pointi nne na mpira uko karibu na mstari wa kufungia. Del, akiwa kando ya uwanja, alimwona mpinzani mmoja mkubwa akihama upande. Damu ikampanda. Akavuta pumzi na kuita kwa nguvu zote za koo lake jipya, "Emmett, angalia huyo!"

Emmett alikuwa tayari ameinama. Bila kugeuza kichwa akainua mkono mmoja kuelekea kwa kocha wake, kiganja wazi, kama anavyofanya mtu aliye kwenye simu.

"Subiri kidogo, Kocha," alisema, kwa sauti iliyofika hadi jukwaani. Kisha akawaambia wenzake: "Anadanganya, kisigino kiko chini. Taro. Taro, jamani, wote."

Wote wakaenda kushoto. Kila mmoja alimzuia mpinzani wake, Tavita akamsukuma mtu wake hadi kwenye wapiga picha, na mwenye mpira akapita katika uwazi ambao hata Lorene angepita na kiti chake, akavuka mstari na kuwapa Dorwick pointi sita na ushindi. Ruddick, ambaye mwaka mzima hakuwa amemgusa mtu, alimkumbatia Del hadi kofia zao zote mbili zikaanguka.

"Amekunyamazisha," alimwambia.

"Nimesikia," Del alisema. Alikuwa anacheka na macho yamemlowa, na alidai ni upepo.

Walimaliza msimu wakiwa wameshinda nusu na kufungwa nusu, na hakuna kombe linalotolewa kwa nusu. Ruddick alimwomba Lorene arudi mwakani. Lorene alisema atakuja siku za Jumanne tu, na atataka kiti chenye mgongo.

Wakati wa likizo ya Krismasi Del aliendesha gari hadi kwa akina Sloup, amebeba mkebe wa kolachi, vile vimkate vitamu vya jamu ya plamu, alizotumwa na Lorene. Theluji ilikuwa imefika magotini. Baba yake Emmett alimwelekeza zizini. Del alifika mlangoni akasimama, maana ndani kulikuwa na mtu anaongea, na alidhani kuna wageni.

Alikuwa Emmett, peke yake, akimpiga brashi mtamba mwekundu. Alikuwa akimsimulia mechi ya mwisho tangu mwanzo, kila mpira, nani alisimama wapi, Tavita alisema nini, upepo ulivuma kutoka wapi. Mtamba alikuwa akitafuna.

"Huwa anaongea hivi?" Del alimnong'oneza mzee Sloup aliyemfuata nyuma.

"Emmett? Tangu ana miaka miwili hajawahi kunyamaza huyu. Mama yake ndiye aliyempeleka chuo, tupate kupumzika."

Del alifungua mkebe, akampa mzee kolachi moja, akachukua moja. Wakasimama pale mlangoni wakila, wakisikiliza, hadi Emmett alipofika robo ya tatu ya mechi.