Mtengeneza Majeneza na Kijumba cha Shomoro

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtengeneza majeneza anafanya anachofanya kila siku kabla ya kufungua karakana. Anachonga penseli kwa kisu, anaichomeka nyuma ya sikio, anapuliza chai. Kabla hajaionja, ukelele unatoka uani.

"Nani kafa? Mbona hamkuniambia?"

Ni mama mkwe wake. Amefungua dirisha awatupie shomoro punje za wali kama kawaida yake, akakutana uso kwa uso na jeneza limening'inia nje. Ni dogo, labda lingemtosha njiwa, lakini halikosi kitu: mabega yaliyopanuka, mfuniko, vishikio vya shaba pande zote mbili, na vanishi ya kung'aa mpaka mtu anaweza kujitazama akachana nywele.

"Shikamoo, mama," anasema mkwe, kwa kuwa hajui aanzie wapi. "Ni kijumba cha ndege."

"Ndege gani huyo? Marehemu?"

Mtaani wanamwita Pumziko. Miaka ishirini na mbili yumo katika kazi hii, na hakuna aliyewahi kumrudishia jeneza. "Mteja wangu akishaingia, hatoki kuja kudai," anasema, halafu anacheka peke yake.

Shida ni mikono. "Nilianza nikiwaza ndege. Nilipofika kwenye mabega, mikono ikaenda yenyewe. Vishikio nimevipiga huku nasikiliza redio."

Mama mkwe aliletwa hapa miaka mitatu iliyopita kutibiwa goti. Goti likapona, naye akabaki. Tangu hapo, kwa heshima ya ukwe, maneno yao ni yaleyale: shikamoo, marahaba, karibu chakula, nimeshiba. Lakini ni yeye anayekataza sufuria isiepuliwe jikoni jioni mpaka asikie viatu vya Pumziko mlangoni.

Sasa binti yake mwingine anamtaka ahamie kwake, kwenye chumba chenye roshani. Mama alikuwa hajajibu. Pumziko, aliyeshindwa kusema mwenyewe, akaona kijumba kitamsemea. Kimesema, ila siyo alichokituma.

"Juzi nimejilaza," mama mkwe anamwambia binti yake, mke wa Pumziko, "nafumbua macho, mumeo kasimama na futi! Eti anapima dirisha."

"Lilikuwa dirisha, mama," Pumziko anajitetea kutoka nje.

"Mbona ulianzia miguuni kwangu?"

"Kitanda kimeegemea dirisha, mama."

Mkewe anacheka mpaka anakaa kizingitini. Fundi viatu wa jirani anachungulia, anaona kilichoning'inia, anavua kofia taratibu. "Poleni sana," anasema, na kuondoka kwa hatua za msibani.

Mchana mama mkwe anakunja nguo. Jumamosi atafuatwa na yule binti mwingine. Ukimuuliza kwa nini, anajibu kwa mkato: "Nimeshapimwa. Nangoja nini tena?"

Jioni hiyo Pumziko anazima redio, anaanza kijumba kingine. Anachagua mbao kavu na kuziacha bila vanishi, kwa sababu harufu ya vanishi hufukuza ndege. Paa analilaza kidogo ili mvua iteremke. Tundu analitoboa upana wa vidole viwili, shomoro apite na kunguru abaki nje. Ubao wa mbele anaukwaruza kwa ndani, makinda wapate pa kushika wakitaka kutoka.

"Vishikio je?" anauliza mkewe mlangoni.

"Vifungie kabatini, mke wangu. Mkono umeshaanza kuvitafuta."

Jumamosi anakitundika nje ya dirisha, mahali pa kile cha kwanza. Mama mkwe amekaa kitandani, sanduku limefungwa kamba, gari la binti yake linasikika likikata kona. Anakitazama kijumba.

"Na hiki kimekuja kumzika nani?"

"Mbao hizi, mama, hazina dawa. Na tundu nimelipiga msasa vizuri, kwa hiyo manyoya hayatanasa. Paa nalo..."

"Baba," mama mkwe anamkatiza, "mimi siyo shomoro. Nimekaa na wewe miaka mitatu unanipa shikamoo. Leo nipe jingine."

Nje gari limezimwa. Pumziko anatoa penseli sikioni, anaigeuzageuza, anairudisha.

"Usiende, mama," anasema. "Kila jioni nikiona sufuria bado iko jikoni, najua kuna mtu ananingoja. Nilitaka na wewe uwe na shomoro wa kuwangoja hapa, kwenye dirisha hili. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka ubaki."